Upupu na Parkinson: dawa imo ndani ya mbegu, kipimo hakimo

Katika mimea yote inayotajwa kutibu ugonjwa wa Parkinson, upupu unastahili kuzungumziwa kwanza, kwa sababu moja tu: mbegu yake ina levodopa. Sisemi ina "kitu kinachosaidia ubongo". Ina levodopa yenyewe, molekuli ile ile iliyomo kwenye kidonge anachoandikiwa mgonjwa hospitalini. Watafiti walipopima mbegu kavu zilizokusanywa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, kiwango cha kati kilikuwa asilimia 5.3 hivi ya uzito wa mbegu. Kwa mmea wa porini hicho ni kiasi kikubwa mno.

Jambo hili huwapotosha watu wa pande mbili. Wapo wanaocheka kila wanaposikia habari ya mitishamba, na hawa wanaikana kemia iliyo wazi. Wapo pia wanaoamini kwamba kwa kuwa ni mbegu tu ya shambani, basi haiwezi kudhuru. Hawa wa pili ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Ukikubali kwamba mbegu ina dawa ya kweli, huna budi kukubali pia kwamba ina madhara ya kweli, inagombana na dawa nyingine kama dawa yoyote, na inataka mizani.

Kwanza tuone dawa hii inafanya nini. Ndani ya shina la ubongo kuna seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha ubongo kuanzisha na kulainisha mwendo. Katika Parkinson seli hizo hufa polepole. Mkono mmoja huanza kutetemeka ukiwa umetulia, hatua hufupika, uso hukosa mabadiliko, mwandiko unakuwa mdogo, misuli inakaza. Huwezi kumpa mgonjwa dopamini moja kwa moja, maana haipenyi kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Levodopa hupenya, kisha hugeuzwa kuwa dopamini huko huko ndani.

Levodopa yenyewe ilitoka kwenye mimea. Mwaka 1913 Marcus Guggenheim aliitenga kutoka kwenye maharage ya fava huko Basel, Uswisi, na mwaka 1937 wanakemia wa India waliikuta kwenye mbegu za upupu. Wakati huo hakuna aliyejua ni ya kazi gani. Arvid Carlsson wa Sweden ndiye aliyeonyesha mwishoni mwa miaka ya 1950 kwamba dopamini ina kazi yake ubongoni, na wanyama walioishiwa nayo waliinuka tena walipopewa levodopa. Mwaka 1960 watafiti Hornykiewicz na Ehringer wa Vienna, Austria, walipima ubongo wa marehemu waliokuwa na Parkinson, wakakuta dopamini imepungua vibaya, na mwaka uliofuata wagonjwa wa kwanza wakadungwa levodopa kwenye mshipa. Kutoka 1967 George Cotzias, kule Marekani, alionyesha kwamba dawa ya kumeza inafaa pia, ilimradi dozi iwe kubwa na ipandishwe polepole.

Dozi zile zilikuwa za gramu nzima nzima kwa siku, na sababu yake ndiyo inayoeleza karibu kila shida ya upupu. Mwilini mna kimeng'enya kinachoigeuza levodopa kuwa dopamini kabla haijafika ubongoni: kwenye utumbo, kwenye ini, kwenye figo. Sehemu kubwa ya dawa hupotelea njiani, na dopamini hiyo iliyozaliwa mahali pasipostahili humpa mgonjwa kichefuchefu, humtapisha na kushusha presha yake. Ndiyo maana vidonge vya leo vina dawa mbili. Kidonge kilichoandikwa 25/100 kina kabidopa miligramu 25 na levodopa miligramu 100. Kabidopa hukifunga kile kimeng'enya nje ya ubongo. Vingine hutumia benserazidi kwa kazi hiyo hiyo. Ili kabidopa ifanye kazi yake sawasawa, mwili unahitaji kati ya miligramu 70 na 100 kwa siku.

Upupu hauna kabidopa, kwa hiyo hesabu inabadilika. Katika jaribio lililofanyika Bolivia na kuchapishwa mwaka 2017, wagonjwa 18 walipewa kwa zamu dozi moja moja ya dawa mbalimbali. Levodopa yenye benserazidi ilitolewa kwa miligramu 3.5 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa. Ya upupu ilikuwa miligramu 12.5 kwa kilo katika dozi ndogo, na 17.5 katika dozi kubwa, yaani mara tatu na nusu hadi mara tano. Chukua mgonjwa wa kilo 60. Kwa kidonge atapata miligramu 210 za levodopa. Kwa upupu, hata ile dozi ndogo ni miligramu 750, ambazo kwa mbegu yenye asilimia 5 ni gramu 15 za unga. Dozi hiyo ndogo iliwafungua wagonjwa, yaani iliwarudishia mwendo, sawa na kidonge, na ile miondoko ya mwili kujinyonganyonga bila hiari ilikuwa michache zaidi.

Jaribio la London la mwaka 2004 lilikuwa dogo zaidi, wagonjwa wanane. Gramu 30 za unga maalumu wa upupu, zenye levodopa gramu 1, zilishindanishwa na kidonge cha miligramu 200. Upupu ulishika baada ya dakika 35 hivi, kidonge baada ya dakika 69 hivi, na muda wa mgonjwa kuweza kutembea vizuri ulirefuka kwa dakika 37. Takwimu hizi husambazwa sana na wauza unga. Wanachoacha kusema ni kwamba kilele cha levodopa kwenye damu kilikuwa zaidi ya mara mbili ya kile cha kidonge. Huenda mbegu ina kemikali nyingine zinazosaidia, na wapo wanaolichunguza hilo, lakini kwa tofauti hiyo ya dozi sioni haja ya kutafuta siri ya ziada.

Sasa unga wenyewe. Upupu wa porini umevikwa nywele laini za rangi ya kahawia, na nywele hizo zina protini iitwayo mukunaini, ambayo hukata vipokezi vilivyo kwenye neva za ngozi. Muwasho wake haupiti kwenye histamini, ndiyo maana vidonge vya mzio havisaidii sana. Ukipatwa, usijikune, bandika utepe wa kunata (selotepu) juu ya ngozi uuvute ili ung'oe nywele, kisha uoshe. Anayevuna avae glavu, mikono mirefu na kitu cha kukinga macho, na asivune kwenye upepo. Ipo mukuna ya kilimo (mukuna ni jina la kitaalamu la jamii ya upupu) isiyo na nywele za kuwasha, ile inayopandwa kurutubisha udongo na kufunika magugu. Nayo ina levodopa.

Mbegu zilizotolewa kwenye maganda hukaangwa bila mafuta kwenye kikaango kikavu, moto wa wastani, huku zikigeuzwa mpaka ganda la nje lipasuke na kubanduka. Zisiungue. Kukaanga kunapunguza sumu za kawaida za jamii ya maharage, zile zinazovuruga usagaji wa protini tumboni, na vipimo vilionyesha kwamba levodopa hubaki karibu yote. Baada ya kumenya, mbegu husagwa na kuchekechwa mpaka upatikane unga laini. Unga huhifadhiwa mkavu, kwenye chombo kisichopitisha hewa wala mwanga. Kila dozi hupimwa kwa mizani ya jikoni, tena inayosoma gramu moja moja au chini ya hapo. Kijiko hakifai hata kidogo: kijiko kilichojaa kilima na kijiko kilichosawazishwa vinaweza kutofautiana karibu mara mbili, na hiyo ndiyo tofauti kati ya mtu anayetembea na mtu anayetapika.

Unga uliochanganywa na maji hunywewa papo hapo. Levodopa ikiwa kwenye maji huliwa na hewa. Mchanganyiko huanza kuwa kahawia, kisha mweusi, na weusi huo ni dawa iliyokwisha kuharibika. Magadi huharakisha mno jambo hili, kwa hiyo aliyezoea kutia magadi kwenye maharage asiyatie hapa. Kuchemsha nako ni hasara: vipimo vilionyesha upotevu wa levodopa hadi asilimia 70.

Hii ya kuchemsha ina sura nyingine ambayo kila anayeshika mbegu hizi anapaswa kuijua. Kaskazini mwa Msumbiji, mkoa wa Nampula, watu hula mbegu za upupu wakati wa njaa, na akina mama wanajua kuzichemsha mara kadhaa na kumwaga maji kila mara. Mwaka 1989, katika vita na ukame, watu zaidi ya 200 walipatwa na kuchanganyikiwa kwa ghafla, wakiona na kusikia visivyokuwepo. Mbegu zilikuwa hazikuandaliwa kama kawaida. Dawa inayomfungua mgonjwa wa Parkinson ndiyo hiyo hiyo iliyowavuruga akili watu wazima waliokuwa wakitafuta chakula tu.

Mbegu hazilingani pia. Gramu 10 za unga wa asilimia 3 zina miligramu 300. Gramu 10 za asilimia 6 zina 600. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Wanaofanya jambo hili kwa uangalifu husaga mzigo mmoja mkubwa, wakachanganya vizuri, wakapeleka sampuli maabara, na wanapoanza mzigo mpya wanaanza tena na dozi ya chini. Vidonge vya upupu vya madukani na mtandaoni havijatatua tatizo hili. Bidhaa 16 zilizochunguzwa Marekani na matokeo kuchapishwa mwaka 2022 zilikuwa na kati ya miligramu 2 na miligramu 241 za levodopa kwa dozi iliyopendekezwa kwenye lebo. Anayebadilisha chupa anaweza kuwa amebadilisha dawa kabisa.

Mambo yanayoharibika kwa mgonjwa anayetumia upupu mara nyingi huanzia nje ya upupu wenyewe. Anatapika, anaenda zahanati, anapewa metoklopramidi kwa sababu ndiyo iliyopo. Metoklopramidi huingia ubongoni na kufunga vipokezi vya dopamini, hivyo Parkinson inazidi. Domperidoni, dawa nyingine ya kuzuia kutapika, haiingii ubongoni kwa urahisi, na ndiyo inayotumika zaidi kwa wagonjwa hawa, baada ya kuangaliwa hali ya moyo.

La pili ni vitamini B6. Kimeng'enya kile kinachoipoteza levodopa njiani kinategemea B6 ili kifanye kazi. Anayetumia vidonge vyenye kabidopa hana shida kubwa, lakini kwa levodopa isiyo na kinga, miligramu 10 hadi 25 za B6 kwa siku zinatosha kuifuta nguvu ya dawa. Huku kwetu B6 hutolewa sana: kwa wanaotibiwa kifua kikuu, na kwenye vile vidonge vya vitamini B za mchanganyiko anavyopewa kila mtu anayelalamika ganzi miguuni. Mzee anapewa vidonge vya ganzi, wiki hiyo hiyo upupu "unagoma", familia inaongeza unga. Siku vidonge vya ganzi vikiisha, dozi ile iliyoongezwa inamfikia yote, na hapo ndipo anapoanza kuona chumbani watu wasiokuwepo.

Madini ya chuma hujishika na levodopa tumboni, kwa hiyo vidonge vya damu vitenganishwe nayo kwa saa kadhaa. Protini nayo hushindania mlango mmoja na levodopa, kwenye utumbo na tena kwenye kizuizi cha ubongo. Dawa inywewe nusu saa kabla ya kula au saa moja baada ya kula, na sahani kubwa ya nyama, maharage au maziwa iwekwe jioni kama mchana ndio wakati mgonjwa anaohitaji kutembea. Simshauri mtu kupunguza protini kwa jumla. Wagonjwa hawa hukonda upesi. Mwenye historia ya kuchanganyikiwa akili, mwenye glakoma ya pembe nyembamba (ugonjwa wa presha ya macho), aliyewahi kuugua saratani ya ngozi iitwayo melanoma, mjamzito, na anayetumia dawa za msongo wa mawazo zinazofunga kimeng'enya cha MAO, asiguse upupu kabisa.

Kuchanganya upupu na vidonge kimya kimya ndilo kosa linaloniumiza zaidi, kwa kuwa linaepukika. Kabidopa iliyomo kwenye kidonge hulinda levodopa yoyote itakayopita, ikiwemo ya upupu. Gramu 15 za unga zilizokuwa zikivumilika peke yake, zikikutana na kidonge, zinaweza kuwa sawa na vidonge vingi vikubwa kwa mara moja: presha inashuka mtu akisimama, mwili unaanza kujinyonganyonga, usiku unajaa maono. Na kinyume chake: kuacha vidonge ghafla ili "kusafisha mwili" kabla ya kuanza mitishamba kunaweza kuleta homa kali, misuli kukakamaa na figo kuharibika. Hiyo ni dharura ya hospitali siku hiyo hiyo.

Je, upupu unavumilika kwa muda mrefu? Jaribio la wiki 16 kwa kila tiba, lililochapishwa mwaka 2018, lilikuwa na wagonjwa 14 wenye ugonjwa uliokwisha kukomaa. Saba waliuacha: wanne kwa matatizo ya tumbo, watatu kwa sababu mwendo ulizidi kuwa mbaya. Waliobaki walikwenda vizuri sawa na vidonge. Nusu kuacha ni nyingi, na mimi nalisoma hivi: kama kidonge chenye kabidopa kinapatikana na familia inakimudu, upupu hauna cha kuongeza. Pale ambapo kidonge hakipatikani, upupu uliopimwa na kusimamiwa na daktari ni bora kuliko kumwacha mtu amekakamaa kitandani.

Na mahali hapo ni halisi. Utafiti wa nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, uliwafikia watu zaidi ya 161,000 na kupata wagonjwa 33. Zaidi ya robo tatu yao hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini. Tetemeko la mzee linachukuliwa kuwa uzee, au kurogwa, na miaka inapita. Levodopa na kabidopa zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini kuwemo kwenye orodha hakujazi rafu ya duka la dawa la wilayani. Kwa hiyo swali la kwanza kuuliza hospitali si "dawa gani ya asili", ni "mna kidonge cha 25/100, na mwezi ujao kitakuwepo?"

Mimea mingine naipitia haraka, maana haijafika hapo. Wanywaji wa kahawa hupata Parkinson kwa uchache zaidi, lakini wagonjwa waliopewa kafeini katika jaribio kubwa hawakupata nafuu ya mwendo. Wavuta tumbaku nao huugua kwa uchache. Bandiko la nikotini lililojaribiwa kwa wagonjwa wapya halikupunguza kasi ya ugonjwa. Manjano hufanya maajabu kwenye vyombo vya maabara, ila kiungo chake kikuu hufyonzwa kidogo mno tumboni. Fava zile zinazopikwa ful zina levodopa, hasa maganda mabichi na machipukizi, lakini kwa mtu mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, zinaweza kupasua chembe nyekundu za damu, na upungufu huo ni wa kawaida katika maeneo ya malaria, pwani yetu ikiwemo.

Kuna mimea inayoelekea upande wa pili kabisa, na hii haisemwi vya kutosha. Utupa, ule unaotwangwa kulevya samaki na kuua wadudu, una rotenoni. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwatilia panya rotenoni kidogo kidogo kwenye damu, na seli zile zile za dopamini zikafa. Mwaka 2011, uchunguzi wa wakulima wa Iowa na North Carolina ulikuta kwamba waliowahi kutumia rotenoni walikuwa na Parkinson mara mbili na nusu ya wasioitumia. Anayetwanga utupa afunike pua na mdomo, avae glavu, na asiutumie kulevya samaki watakaoliwa.

Mstafeli nao una anonasini, inayozuia mitambo ile ile ya nishati ndani ya seli inayozuiwa na rotenoni. Katika kisiwa cha Guadeloupe, ambako watu hula stafeli kwa wingi na kunywa chai ya majani yake, watafiti waliandika mwaka 1999 kuhusu idadi isiyo ya kawaida ya wagonjwa wenye dalili zinazofanana na Parkinson, na wengi wao hawakuitikia levodopa. Uhusiano huo haujathibitishwa kuwa ndio chanzo, na tunda moja moja halinitishi. Chai ya majani ya mstafeli inayonywewa kila siku kwa miezi, kama inavyouzwa sasa kwa jina la kinga ya saratani, inanitisha, na kwa mwenye Parkinson ningeikataza leo.

Kwa hiyo mgonjwa akipewa levodopa ya kutosha, kwa kidonge au kwa unga, miezi ikapita bila mabadiliko yoyote, usikimbilie kuongeza dozi. Mwaga mezani kila anachokunywa: dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli, sindano ya flufenazini ya kila mwezi, vidonge vya kizunguzungu vya sinarizini, metoklopramidi iliyosahaulika kwenye mfuko wa nailoni, na birika la majani ya mstafeli. Dawa zilizoandikwa na daktari zisisimamishwe nyumbani. Zipelekwe zote kliniki, pamoja na karatasi inayoonyesha saa ya kila dozi, saa dawa iliposhika na saa ilipoisha nguvu.